Pono wa Leso: Kuchora kwa Cherehani na Kuchanganya Vitambaa

Cherehani ina meno chini ya sindano. Hayo ndiyo yanayosukuma kitambaa hatua kwa hatua, na ndiyo yanayofanya mshono uende kama reli. Yashushe, ng'oa mguu unaokandamiza kitambaa, kaza kitambaa ndani ya fremu, na hapo anayeamua mshono uelekee wapi na uwe mrefu kiasi gani ni mikono yako. Sindano inabaki mahali pamoja ikipiga juu na chini. Ni kama kalamu iliyofungwa, karatasi ndiyo inayotembea. Kudarizi bila kompyuta ni hivyo tu. Wanaoanza huogopa kwamba hawajui kuchora, kumbe kinachowaangusha karibu kila mara ni uzi wa chini.

Tutafuata kazi moja mwanzo hadi mwisho: samaki aina ya pono wa sentimita 26, aliyejengwa kwa vipande vya leso kuukuu, neti, karatasi ya mfuko wa simiti na ukili, juu ya kitambaa kitakachoishia 30 kwa 40. Tumemchagua pono kwa sababu rangi zake, buluu, kijani na waridi, ziko tayari kwenye leso nyingi, na magamba yake ni makubwa kiasi kwamba mkono mgeni hauaibiki. Tena ana siri moja inayofaa kazi hii, tutaifikia kwenye neti.

Cherehani na vifaa

Mashine za kompyuta zinazotia nembo kwenye sare za shule ni nzuri kwa kurudia kitu kilekile mara mia. Hapa hazina kazi. Cherehani nyeusi ya miguu, iwe Singer au Butterfly, inatosha kabisa: inashona mshono ulionyooka tu, lakini mikono yote miwili iko huru, na stima ikipotea kazi haisimami. Ile ya kuzungushwa kwa mkono ndiyo isiyofaa, maana mkono mmoja utakuwa kwenye gurudumu na fremu inataka miwili. Ukiwa na cherehani ya zigizaga, vyema. Utaihitaji mahali pamoja, na pana njia ya kuikwepa.

Baadhi ya cherehani zina kitufe au skrubu ya kushusha meno. Yako ikikosa, weka urefu wa mshono kwenye 0: meno yatapanda na kushuka lakini hayatasukuma kitu. Yakikwaruza kitambaa, kata kipande cha plastiki nyembamba kutoka chupa ya maji, kitoboe tundu la milimita 5 pale sindano inaposhuka, ukibandike juu ya meno kwa selotepu.

Ukipata mguu wa springi, ule wa kudarizia, uutumie wiki za mwanzo. Hukandamiza kitambaa wakati sindano inapochomoka, na hulinda vidole. Bila mguu unaona vizuri zaidi, ila vidole visikaribie sindano kuliko sentimita 3, na usiongee na mtu huku mota (au pedali ya miguu) inazunguka.

Fremu ni ile ya duara ya mbao, ringi mbili na skrubu, kipenyo cha sentimita 20. Angalia unene: ringi ikizidi sentimita moja haitapita chini ya sindano hata ukiilaza kiubavu. Ringi ya ndani izungushie utepe wa marekani wa sentimita 2 uliokatwa mshazari, mwisho uushone kwa mkono. Bila utepe huo kitambaa huteleza kila baada ya dakika tano. Kumbuka pia kwamba kwa cherehani fremu huvaliwa kinyume na kazi ya mkono. Ringi ya nje inalala mezani, kitambaa juu yake uso ukitazama juu, kisha ringi ya ndani inashindiliwa kutoka juu, ili kitambaa kiguse bamba la cherehani. Kigonge kwa kidole. Kilie kama ngoma. Kikilegea kitapwita na sindano, na mishono itaruka.

Vitu vingine hivi hapa, na vingi vyake hupatikana kwenye maduka ya mtaa wa Biashara, Mombasa, kwa mguu mmoja:

- marekani nzito, vipande viwili vya 50 kwa 60 (kimoja cha msingi, kimoja cha mandhari)
- gamstei laini ya ukubwa huohuo (kitambaa chenye gundi kinachobandikwa nyuma kwa pasi)
- neti nusu mita, buluu iliyokoza au kijani
- sindano namba 14 (90) kwa kazi nyingi, 11 (75) kwa neti peke yake, 16 (100) kwa ukili na karatasi
- uzi wa kudarizi namba 40, rayoni au polyesta, rangi tano. Uzi mwembamba wa polyesta kwa bobini
- ukili wa mkeka usiozidi sentimita 4 kwa upana, urefu nusu mita
- karatasi ya mfuko mmoja wa simiti
- gundi nyeupe, kikombe kimoja

Rayoni hung'aa kuliko polyesta, lakini ikilowa hupoteza nguvu. Ikikatikakatika siku za mvua, iweke rili kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na mchele mkavu usiku mmoja. Sindano nazo, Mombasa haziachwi kwenye cherehani. Wiki moja ya masika inatosha kuota kutu, na doa la kwanza utaliona kwenye kitambaa cheupe. Zitie kwenye kichupa chenye kitambaa kilichodondoshewa mafuta ya cherehani.

Leso, na namna ya kuichagua

Leso kuukuu ni bora kuliko mpya kwa sababu dondo, ule uwanga wa kitambaa kipya, imeshatoka na rangi imeshachuja. Ukitumia mpya, ifue kwa maji baridi mara tatu au mpaka maji yabaki meupe. Nyekundu na nyeusi ndizo wakorofi wakubwa.

Hakikisha ni pamba. Chomoa nyuzi tatu pembeni uziwashe juu ya sinki: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, polyesta hunywea na kuacha punje ngumu nyeusi. Ya polyesta si ya kutupa, ila ikae mbali na pasi ya moto.

Pindo lina michoro midogo iliyosongamana. Hiyo ni ngozi ya mgongoni. Mji, yaani sehemu ya katikati, una maua makubwa na nafasi. Huo ni wa tumboni. Pembeni kabisa mwa leso nyingi huwa kuna mstari mwembamba wa maandishi ya mwenye mali, kama ule wa K.H.E. (Kaderdina Hajee Essak) wa Mali ya Abdulla, duka lililoanza Mombasa mwaka 1887. Mstari huo ukikatwa ukawekwa chini ya pezi unafanana na mwiba, wala hauonekani kuwa ni maandishi mpaka mtu asogee. Jina la leso lenyewe, yaani yale maneno ya methali, ni habari nyingine. Usilikate ovyo. Ukibakisha maneno mawili ya methali kwenye shavu la samaki, Mmombasa hatamwona samaki; atasoma kwanza, kisha ataanza kukisia umemlenga nani.

Uzi wa chini kwanza

Kabla ya kugusa kitambaa cha kazi, toa kesi ya bobini na bobini yake ndani, shika ncha ya uzi na uiache ining'inie. Isishuke yenyewe. Itikise mara moja kama anayetikisa kengele: ishuke sentimita 3 hadi 5 kisha isimame. Ikiporomoka, kaza skrubu ya springi robo ya mzunguko, ikigoma, ilegeze. Skrubu zikiwa mbili, inayokaza ni ile ya katikati ya springi, ya mwishoni imeshikilia tu. Fanyia kazi hii juu ya sahani, kwani skrubu ile ikianguka sakafuni ndiyo kwaheri.

Sasa uzi wa juu. Kwa darizi huwa mlegevu kuliko wa kushonea nguo. Kama namba yako ya kawaida ya mkazo ni 4, anza na 2 au 3. Shusha wenzo wa mguu. Ndiyo, hata kama mguu haupo. Wenzo ukiwa juu, visahani vya kukazia uzi vinakuwa wazi, uzi wa juu unamwagika bila breki, na chini kunafumwa kiota cha ndege kitakachomeza dakika ishirini za mkasi. Hili ndilo kosa la kwanza la kila mtu, hata fundi wa miaka thelathini, kwa sababu mkono umezoea kushusha mguu unaouona.

Zungusha gurudumu mara moja kwa mkono, vuta uzi wa chini uje juu, shika ncha zote mbili, piga mishono mitatu hapohapo, kata ncha. Kisha shona mstari, duara, na kona. Geuza utazame nyuma.

Vitanzi vikiwa chini, kosa liko juu: wenzo, au uzi haujapita kwenye ule mkono unaopanda na kushuka, au umelegea mno. Nukta za uzi wa chini zikichomoza usoni, hasa kwenye kona, juu kumekaza. Kazi nzuri ina uso usio na nukta na mgongo usio na vitanzi. Wanunuzi wa kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, huipindua kofia watazame ndani kabla ya kuuliza bei, na hapa kipimo ni hichohicho.

Ukishaijua kasoro hii ya nukta unaweza kuitumia kwa makusudi. Tia uzi wa waridi kwenye bobini, buluu juu. Legeza bobini mpaka kesi ishuke yenyewe polepole, kaza juu hadi 6 au 7, na endesha mota haraka huku mkono ukienda polepole kwa viduara vya milimita 3. Waridi itapanda na kuuviringisha uzi wa buluu, na utapata mstari wenye chembechembe kama mchanga wenye maji. Hilo ndilo shavu la pono. Uzi wa juu ukikatika, punguza namba moja. Kesi ya bobini ya kuchezea hivi iwe ya pili, ununue ya ziada. Ile ya kazi ya kawaida isiguswe tena.

Mwendo

Urefu wa mshono ni mapatano kati ya mguu na mikono. Mota ikikimbia na mikono ikizembea, mishono inarundikana na uzi unakatika. Mikono ikikimbia na mota ikisuasua, mishono inakuwa mirefu, sindano inavutwa ikiwa bado ndani ya kitambaa, inapinda, inagonga bamba, inavunjika. Lenga mishono ya milimita 2. Endesha mota kwa kasi ya kati isiyobadilika na ujifunze kubadilisha mikono tu. Kufuata vyote viwili kwa pamoja huchosha.

Mazoezi yafanye kwenye vipande vya marekani vya 25 kwa 25 vyenye gamstei nyuma. Andika jina lako kwa mwandiko wa kuunganisha bila kuinua sindano, jaza mraba kwa viduara, jaza mwingine kwa mistari ya mawimbi. Pembeni mwa kila jaribio andika kwa kalamu: sindano gani, uzi gani, namba ya juu, skrubu ya chini imezungushwa kiasi gani. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha sindano na uzi kwa pamoja na kazi ikaharibika, hutajua wa kumlaumu.

Maji ya bahari kwa chai na kutu

Mandhari hatuyadarizi. Tunayapika. Chemsha vijiko vinne vikubwa vya majani ya chai katika lita 2 za maji kwa dakika 15, chuja, tumbukiza kipande cha marekani kilichofuliwa na kulowa, kikae saa nzima. Wiki moja kabla ya hapo uwe umetia konzi ya misumari yenye kutu kwenye mtungi wa kioo, kikombe cha siki na kikombe cha maji, mfuniko ukiwa umelegezwa ili hewa itoke. Kwa kutu Mombasa haikosi.

Changanya vijiko viwili vikubwa vya maji hayo ya kutu na lita 2 za maji safi kwenye beseni la plastiki. Kamua kitambaa kutoka kwenye chai, kikunjekunje, kitumbukize. Kitageuka kijivu machoni pako, kwa kuwa kutu na ukali wa chai hukutana na kuwa rangi nyeusi. Dakika 3 hutoa kijivu cha asubuhi, 10 hutoa kiza. Palipokunjana hubaki pameiva kidogo, na hapo ndipo unapopata mikondo ya maji bila kuichora.

Wengi huishia hapo na kuanika. Makosa. Siki na chuma vikibaki ndani hula pamba pole pole, na baada ya miaka michache kitambaa kitachanika kama karatasi. Suuza, loweka dakika 15 katika lita 2 za maji zenye kijiko kikubwa cha soda ya kuokea, suuza tena mara tatu. Maji ya bahari usiyatumie kusuuzia. Chumvi huvuta unyevu na kitambaa hakitakauka sawasawa.

Kikikauka, kipige pasi na ukilaze juu ya kipande cha msingi ambacho tayari kina gamstei mgongoni. Pasi ya gamstei hukandamizwa sekunde 10 hadi 15 kila mahali, haisuguliwi; ukisugua inavuta kitambaa na mawimbi hayatatoka tena. Tabaka mbili hizo zibandike kwa mishono mirefu ya mkono, gridi ya sentimita 8.

Kumjenga samaki

Chora pono kwenye karatasi, sentimita 26 kutoka mdomo hadi mkia. Mwili wake ni mnene, paji limetuna, mdomo ni kama wa kasuku. Kata umbo hilo, liweke katikati ya kitambaa na ulizungushie chaki. Kitambaa kina sentimita 10 za ziada kila upande, na utazihitaji: darizi nzito hukivuta kitambaa na kukipunguza.

Kata leso vipande vya sentimita 2 hadi 3, visiwe sawa. Vipange kuanzia mkiani kwenda kichwani, kila kipande kikilala juu ya chenzake kidogo, pindo mgongoni, mji tumboni. Kila kimoja kishike kwa tone la gundi dogo kama punje ya mtama. Tone kubwa hukauka likawa jiwe, sindano ikapita kwa shida na kutoka na utando unaokata uzi. Uache usiku mzima ukauke, siku mbili kukiwa na mvua. Uji wa muhogo pia hushika vizuri, lakini kwa mende wa mji huu ni karamu. Gundi ya mafundi viatu usiiguse kabisa.

Juu ya yote laza neti na uibane kwa pini nje ya mwili. Kazi yake ni kushika vipande visiinuke mbele ya sindano. Rangi yake ina maana: neti nyeupe hutia ukungu kila kitu, iliyokoza hupotea machoni na kuzifanya rangi zilizo chini ziwe za ndani ya maji. Na hapa ndipo siri ya pono. Wale wa aina fulani, wakienda kulala usiku, hujifunika utando wa ute kama chandarua, na si ajabu mtu mwenye usingizi mzito akaambiwa analala kama pono. Basi neti usiikate ikafuata mwili sawasawa. Iache ipite nje sentimita 3 kama utando huo. Tukikata, tutakata mwishoni, na upande mmoja tu.

Magamba

Funga fremu, anza mkiani. Kila gamba ni nusu duara inayofunguka kuelekea kichwani. Karibu na mkia zipe upana wa milimita 6, zikue taratibu hadi 12 katikati ya mwili, zipungue tena karibu na shavu. Safu ya pili iwe nusu gamba mbele ya ya kwanza, kama matofali. Shona safu nzima kwa mstari mmoja usiokatika, panda na kushuka, kisha rudi juu ya mstari uleule. Mshono wa pili hautaangukia juu ya wa kwanza barabara, na hiyo tofauti ya nusu milimita ndiyo inayoleta uhai. Ukishona mara moja tu, samaki ataonekana kama amechorwa kwa kalamu ya risasi iliyokaribia kuisha.

Nusu duara zote zikielekea upande mmoja, kitambaa nacho kitajivuta upande huo. Kila safu tatu hamia upande wa pili wa mwili, na baada ya kila safu sita toa kwenye fremu, laza mezani, tazama kama kimejikunja. Kikiwa kimejikunja, ongeza kipande cha gamstei nyuma kabla ya kuendelea, si baada ya kumaliza.

Usijaze magamba mwili wote. Acha sehemu ya tumbo, kama upana wa viganja viwili vya mtoto, iwe leso tupu na neti. Jicho ni mzunguko wa konokono wa milimita 9 kwa uzi mweusi, na nukta moja ya uzi wa fedha. Uzi wa madini hujisokota na kukatika: weka rili ndani ya gilasi nyuma ya cherehani, pitisha uzi juu, punguza mkazo hadi 1, sindano namba 14, na uende polepole kama anayevuka daraja bovu.

Mdomo, mapezi, matumbawe

Mfuko wa simiti una tabaka kadhaa za karatasi. Chukua ya ndani iliyo safi. Ipanguse vumbi kwa kitambaa kibichi, nje ya nyumba, mkiwa mmefunika pua, kwani simiti inaunguza. Ikunjekunje na kuinyoosha mara kumi mpaka ilainike kama ngozi, kisha ipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, ianike siku nzima kivulini. Kata mdomo, na vipande vya matumbawe ya chini. Sindano namba 16, mishono ya milimita 3 au zaidi. Mishono ikikaribiana, karatasi itakatika kwenye matundu kama stempu ya posta. Ukimaliza karatasi tupa sindano hiyo. Haitashona tena kitambaa bila kukichanachana.

Pezi la mgongoni huundwa peke yake halafu huambatishwa. Weka neti tabaka mbili kwenye fremu. Shona kwanza vijiti vya pezi, kila sentimita moja, kisha mistari ya kuvikatiza ili kila mstari uguse mwenzake mahali pawili. Mstari usioshikwa utachomoka ukikata. Kwa wenye zigizaga, piga satini (zigizaga iliyosongamana) yenye upana wa milimita 2 ukingoni. Kwa wasio nayo, pitisha mstari ulionyooka mara nne. Kata neti nje ya ukingo, shikisha pezi kwenye mgongo kwa upande wa chini tu, lisimame.

Ukili ndio sakafu ya bahari. Loweka dakika 20 uwe mlaini, la sivyo utapasuka sindano ikiingia. Usiupigilie katikati: pitisha mishono ya milimita 4 pembeni tu, na katikati uushike kwa uzi wa mkono unaoruka juu yake. Ulio mbichi bado usifungwe nyuma ya kioo. Uache siku mbili ukauke, la sivyo utaota koga.

Kome, simbi na matumbawe ya kweli yaache baharini. Kwenye hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, hata ganda tupu haliokotwi. Ukitaka kitu kigumu, kifuu cha nazi kilichokatwa na kupigwa msasa kinatosha, mashimo mawili kwa mkono kama kifungo.

Kumalizia

Lainisha kazi kwa maji ya kupuliza, ilaze juu ya ubao uso ukiwa juu, ivute kwa pini kila sentimita 3 mpaka pembe ziwe mraba, iache saa 24. Pasi ipite nyuma tu, juu ya taulo nene, na isiguse karatasi. Sasa kata neti upande wa tumbo kufuata mwili, na upande wa mgongo uuache.

Kaza kwenye fremu ya ubao kwa pini za stepla, kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni. Ukitaka kioo, pawe na nafasi ya angalau milimita 5 kati yake na kitambaa. Ukutani iwekee vigingi viwili vidogo nyuma ili hewa ipite, na isitazamane na dirisha la baharini.

Haifuliwi. Vumbi likitua, chukua brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, upanguse kutoka kichwani kwenda mkiani, jinsi magamba yalivyolala.